Leo Watoto Wasioge

Kazi yangu kwenye kituo cha Padri ilikuwa kuogesha watoto. Kila Jumamosi, beseni tatu, sabuni ya mche, na maji ya bidoni, yale madumu ya kubeba kichwani, maana kwetu Goma maji unayatafuta huku ziwa unaliona. Niliipenda kazi ile. Mtoto anaingia amenuna, anatoka anang'aa mafuta, mpaka mama yake anacheka.

Ila siku za wageni kutoka Ulaya, ole wangu! Sekretere wa Padri alikuwa anapita asubuhi na mapema: "Mama, leo usioshe mutoto hata mumoja. Na viatu vitoke." Nikimuuliza kwa nini, ananicheka, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wageni walikuwa wanapiga picha, kisha wanachagua mtoto wa kulipia masomo, na eti mtoto safi hachaguliwi. Kinyaa kilinishika, haki ya Mungu. Lakini viatu nilivitoa.

Padri mwenyewe alikuwa mtu mwema, nasema bila kejeli. Bila uji wake watoto wengi wa kartie yetu, mtaa mzima, wangeshinda na njaa. Ila siku hizo alikuwa anajifungia kanisani kusali mpaka picha ziishe. Alijua. Alijua sana tu.

Siku moja akaja bibi mmoja, mkimbizi wa Kibumba aliyekuwa anaishi kambini Kanyaruchinya, na mjukuu wake wa kike, yatima. Mtoto alikuwa amefika umri wa kuanza masomo, na asipochaguliwa siku ile, basi tena. Bibi alikuwa amepanga foleni ya maji tangu jana yake. Na mtoto alikuwa msafi, jamani! Nywele zimechanwa, gauni limenyooshwa, miguu inameremeta.

"Mama, angalia mutoto wangu," bibi akaniambia. "Wageni wakimuona hivi, watajua huyu iko na watu."

Sekretere alinitazama tu, nikaelewa. Nikamshika mtoto mkono, nikampeleka nyuma ya jiko. Nikachota vumbi jeusi la makoro, yale mawe ya volkano tunayojengea kuta, nikampaka miguuni. Usoni pia. Vumbi likanata kwenye mafuta. Mtoto hakulia. Aliniuliza tu, "Mama, nimekosa nini?" Mimi nikainama, nikamvua viatu.

Alichaguliwa. Bibi akanishukuru kwa mikono miwili, mimi! Nikaificha yangu ndani ya kitenge, vumbi lilikuwa bado kwenye kucha.

Mwaka uliofuata wageni walirudi kumuona mtoto wao na kuchagua wengine. Safari hii nilikuwa nimeapa. Sekretere alipopita nikamwambia usoni, "Papa, leo naosha watoto wote. Kama ni kunifukuza, unifukuze." Akabetua mdomo, akaenda zake. Nikapanga beseni zangu mlangoni, nikakaza kitenge kiunoni.

Wa kwanza kuingia alikuwa yule bibi. Mjukuu alimfuata pekupeku, iniforme ya shule kaiacha nyumbani, vumbi mpaka kwenye kope.

Bibi aliponiona na sabuni mkononi, akamvuta mtoto nyuma yake haraka.

"Hapana, mama, usimuoshe! Nilishamupaka mwenyewe, vile ulinifundishaka."