Majani ya Mbugani Nyuma ya Nyumba Yetu

Nikisikia harufu ya maji ya ndoo yaliyolala na majani ndani yake, ile harufu nzito ya tope, narudi Kiseke mara moja, nyuma ya nyumba yetu, na huwa natabasamu.

Nyumba ilikuwa ya tofali za udongo, chini ya mawe makubwa. Mvua ikinyesha, maji yote ya mlimani yalikuja kupiga ukuta wa chumba cha watoto, na ufa ulishaanza. Miaka ile viwanda vilikuwa vinapunguza watu, na baba alikuwa miongoni mwao. Ukuta ukianguka, hatukuwa na pa kwenda.

Baba akachimba shimo pana, lisilo na kina, la kupokea maji. Mama akaenda ufukweni mwa ziwa, Pasiansi, kutafuta majani ya kushika udongo, akarudi na mafunjo marefu ya kuringia. Majirani walisifu. Kiangazi kikayamaliza yote.

Bibi, mama yake baba, hakumwonea huruma. "Mkamwana, umemtoa mtoto wa ziwani ukamleta huku juu. Ulitaka anywe nini?"

Mama alicheka kwa shingo upande, kisha tukaenda watatu kwenye mbuga za mpunga, mahali ambapo maji huja na kuondoka. Ndago, lile gugu sugu, waliiruka, maana ikiingia kwako haitoki. Walichagua majani yenye vichwa vilivyotanuka kama mwavuli, tena yale tu yaliyobaki mabichi kwenye udongo uliopasuka. Nyumbani bibi alivikata vichwa, akapunguza ncha, akavitumbukiza kwenye ndoo ya maji juu chini. Nilidhani wazee wamechanganyikiwa. Lakini vilitoa mizizi myeupe na machipukizi, tukavipanda shimoni.

Mvua za vuli zilianza mchana mmoja kwa kishindo. Maji yakashuka, yakaingia shimoni, yakazunguka katikati ya majani, yakatulia, yakaanza kunywewa na ardhi taratibu. Mama akapapasa ukuta wa chumba chetu, akamgeukia bibi.

"Mama, mkavu!"

"Nimeona, mkamwana. Sasa pumzika."

Akajinyoosha mkekani palepale, bati likinguruma juu yetu, akaanza kukoroma. Nilimkimbilia bibi kumwambia mama anaumwa. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi.

Leo nina nyumba yangu na watoto wangu, na mvua kubwa ikianza nasimama dirishani mpaka ikatike. Ndipo nilipoelewa: tangu ufa ule uonekane, mama hakuwahi kulala mvua ikinyesha.