Neno Moja kwenye Leseni

Kila asubuhi mama sabuni hufuta kioo cha leseni iliyotundikwa ukutani mwa duka lake, kisha huipapasa tarehe ya mwisho kwa kidole, kana kwamba inaweza kuhama usiku. Mikono yake imebabuka kwa magadi. Akisikia viatu vigumu barazani, hujinong'oneza, "Tarehe bado, tarehe bado."

Leo viatu viliingia. Mkaguzi wa leseni wala hakuitazama tarehe. "Mama, hapa pameandikwa kuuza sabuni. Ruhusa ya kutengeneza iko wapi?"

"Si sabuni ile ile, mwanangu?" Alisogea, akaziba pazia la chumba cha nyuma kwa mgongo wake. Huko nyuma sufuria ikafurika, na moto ukalia chaaa.