Nilisaini mkataba wa vikapu kwa aibu ya mgeni, ikabidi nimtume mshenga Mbeya

Wakuu, kamwene.

Wengi humu naona ni rika la wajukuu zangu, kwa hiyo marahaba kabla hamjaniamkia. Shule yangu iliishia darasa la nne na nabonyeza kwa kidole kimoja, herufi zikipotea mnivumilie. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, Bibi Vero wa huku milimani juu ya Ilula, na wahusika wapo hai, waulizeni.

Kazi yangu ni kusuka vikapu vya milulu, yale majani ya bondeni. Nasuka mchoro tunaouita nyayo za kanga, kanga yule ndege. Alinifundisha mama mkwe wangu Sekunda, naye alifundishwa na shangazi yake Luteresia. Mlima mzima tunaujua: Leokadia, Yustina, mama Faraja, na marehemu Bibiana, ambaye nyayo zake zilipinda kidogo lakini tulimpenda hivyo hivyo.

Akaja binti mmoja, Atupele, Mnyakyusa mwenye duka la zawadi pale Mwanjelwa, Mbeya. Mchangamfu, ana adabu. Tukampikia kuku. Katikati ya chakula akatoa mkataba.

Sitamsingizia. Aliusoma wote kwa Kiswahili, taratibu. Kifungu cha sita kilisema nyayo za kanga nitasuka kwa ajili ya duka lake tu, nisimpe wala kumuuzia mtu mwingine yeyote.

Kilinichoma pale pale. Ila wakuu, mtu ana paja la kuku mkononi, unaanzaje kumbishia? Kwetu mgeni anayekula habishiwi. Unaitikia, anaondoka salama, ukiwa na neno unamtuma mshenga. Hata posa si ndivyo inavyokwenda? Siku ya kwanza watu wanaitikia tu, maneno yenyewe yanakuja baadaye.

Nikasaini.

(Mnanicheka, najua.)

Mambo yakaenda vizuri. Oda zinakuja, nasuka, analipa. Kisha mjukuu wangu Neema, ambaye ndiye alikuwa anamtumia Atupele picha za vikapu kwa simu, akachumbiwa na kijana wa Makambako anaitwa Erasto.

Kwetu binti haendi kwa wakwe bila kikapu alichosukiwa na bibi yake. Ndicho anachobebea unga siku ya kwanza anapowapikia. Mama yake alikwenda na nyayo za kanga, shangazi zake Agnesi na Oliva vilevile. Nikaanza kusuka cha Neema.

Mtoto kwa furaha akakipiga picha, akaweka status. Haikupita muda Atupele akanipigia.

"Bibi, shikamoo. Hicho kikapu kwenye status ya Neema ni cha nani?"

"Marahaba mwanangu. Cha Neema."

"Bibi, kifungu cha sita."

"Nakikumbuka. Nilikuwa nakutumia mshenga."

"Mshenga wa nini tena, bibi?"

Akanieleza, kwa upole lakini bila kucheka, kwamba kuna hoteli inachukua vikapu vyake kwa ahadi kuwa havipatikani kwingine. Nikimpa Neema nimevunja mkataba, na oda zangu zinaishia hapo.

Wakuu, nilikaa chini. Oda zile ndizo zinazonisitiri. Na Neema naye aende kwa watu na ndoo ya plastiki?

Nikamwita mzee Kastori. Huyu ndiye aliyewaozesha wanangu wote: Festo, Agnesi, Oliva, na Damiani ambaye kila nyumba ilimkataa mara ya kwanza. Akavaa koti, akabeba jogoo, akapanda basi. Alipofika Igawa akanipigia kuniambia jogoo hajambo.

Ya Mbeya nimesimuliwa na Kastori, na Atupele mwenyewe akayathibitisha. Mzee aliingia dukani akaanza kama alivyozoea: "Tumepita njia, tumeona ua zuri katika nyumba hii."

Mume wa Atupele, Ambakisye, akatokea stoo. "Mzee, huyu ni mke wangu."

"Hongera baba. Mimi nimekuja kwa ajili ya kifungu cha sita."

Wakacheka, wakampa chai. Lakini Atupele hakulegea. "Mzee, ukishasaini yamekwisha."

"Kwetu ukishasaini ndiyo yanaanza."

Ikabidi ampigie wakili wake, akaweka sauti kubwa wote wasikie. Wakili kwanza akanikatalia mimi: bibi kasomewa, kaelewa, kasaini kwa hiari, kimemfunga. Mshenga hafuti saini. Mkataba unabadilishwa pale pande zote zinapokubali, na mabadiliko yaandikwe, yasainiwe.

Kisha akauliza huo mchoro nani aliubuni. Kastori akamtajia wote, mpaka Luteresia.

"Basi Atupele, huo si mali yako. Umemfunga bibi peke yake. Huyo Leokadia kesho akimuuzia jirani yako, huna la kumfanya. Chako ni jina la duka na lebo, hivyo ndivyo vya kusajili."

Kastori akaona ndipo pa kuingilia. "Mwanangu, bibi hataki kukuzunguka. Anataka kuozesha."

Hapo akaelewa. Kifungu kikaandikwa upya: kuuza, nauzia duka lake tu. Zawadi ya harusi au msiba kwa ndugu zangu, ruksa. Karatasi ikaja, tukasaini wote wawili, Kastori shahidi. Jogoo alibaki Mbeya.

Neema amekwenda Makambako na kikapu chake kichwani. Mama Erasto, mkwe wake, akakigeuzageuza, kisha akanipigia simu kuniomba nimsukie na yeye, hela taslimu.

Nikamwambia, "Mama, hicho kanunue kwa Atupele, Mwanjelwa."

Alinuna kidogo. Nifanyeje, nimesaini.

Nilichojifunza: mshenga aitangulie saini, asiifuate. Mgeni akileta karatasi mwambie iache, nitakujibu nikishaisomesha kwa watu wangu. Mwenye nia njema hatakimbia. Na kitu cha ukoo mzima usikiahidi kama chako peke yako.

Wanasheria mliomo humu nisahihisheni nilipokosea. Na wewe uliyewahi kusaini kwa aibu, tuambie ulijinasuaje. Nasoma yote, polepole.