Gari Litazoea

Kila nikirudi, yule muuzaji wa magari jirani na soko la mifugo la Garissa hunipokea kama mgeni wa arusi. Hunimiminia chai ya maziwa ya ngamia, hupangusa kiti kwa ncha ya kikoi, ndipo huliendea gari nililonunua kwake mwezi uliopita, lililokwisha tumika miaka mingi. Hafungui boneti. Huweka kiganja ubavuni mwa gari, akatulia, kama anayesikiliza tumbo la mnyama.

"Gia ya tatu bado inachomoka, mzee," nilimwambia jana, mara ya nne.

"Mwalimu, ngamia mgeni pia inakataa. Inalala wapi?"

"Nje ya lango."

"Ingiza ndani. Itazoea, inshallah."

Sikujua kama ananicheka. Uso wake hausemi kitu. Nilimtupia funguo mezani kwa hasira. Aliziokota, akazifuta kwa kikoi, akaniambia niliache gari, nirudi leo baada ya swala ya Asr.

Leo nimeliendesha mpaka daraja la Tana na kurudi. Gia haikuchomoka hata mara moja.

"Si nilikuambia itazoea?" alisema akimimina chai, kucha zake nyeusi kwa grisi. Nyuma yake, gari lake mwenyewe, la aina ile ile, analoendea msikitini kila siku, lilikuwa limepandishwa juu ya mawe. Chini yake, mahali pa giaboksi palikuwa patupu.

Nilifungua mdomo niulize.

"Lakini usilaze nje tena," aliniwahi.