Avoka Asiyejua Jina la Mtoto

Bado naiona asubuhi ile, mwanangu, tulipokwenda kwenye tribinali, mahakama ya watoto hapa Uvira, mimi na mdogo wangu Riziki. Riziki ni mjane. Alikuwa akivuka mpaka wa Kavimvira kuuza ndagala, samaki wale wadogo, Bujumbura, na binti yake mdogo Neema akibaki kwa jirani, Mama Faida. Siku moja Neema akaungua mguu kwa uji wa moto. Mama Faida alimbeba mbio hadi hospitali. Lakini ndugu za marehemu baba yake Neema, watu wa Luvungi, walikuwa wanamtaka mtoto tangu msiba. Wakamshitaki Riziki kwamba ametupa mtoto.

Tulichukua avoka, wakili tunayesali naye, mtu wa kesi za viwanja. Anajua kusema, huyo! Lakini nyumbani kwa Riziki hakukanyaga. Nilipomwomba amwite Mama Faida ashuhudie, alicheka.

"Mama, hii iko jambo ndogo. Muniache miye nifanye kazi yangu."

Siku ya kesi hakuonekana. Alimtuma mwenzake, aliyesoma faili akiwa amesimama mlangoni. Tulipoitwa akaanza: "Mheshimiwa, huyu mvulana anamuhitaji mama yake..."

Hakimu akamkatiza. "Maître, mutoto iko musichana. Jina lake nani?"

Akaanza kupekua faili. Riziki akainuka akipiga kelele, "Neema! Anaitwa Neema!" Wakamwamuru akae.

Hakimu akauliza nani alikuwa na mtoto alipoungua. Avoka huyo akasema hana habari. Na Mama Faida yuko kwake anafua nguo, hakuna aliyemwita.

Neema akapewa watu wa Luvungi. Tukataka rufaa, avoka wetu akatuambia tungoje. Tulipomrudia, muda ulikuwa umepita. Mara ya mwisho Riziki alipokwenda kumwona, mtoto alijificha nyuma ya shangazi yake, akauliza, "Uyu mama anatafuta nani?" Riziki hajarudi tena Luvungi. Siku hizi hauzi kitu, haongei. Nakaa naye tu.

Mwanangu, wakija kukunyang'anya mtoto, usichukue avoka kwa sababu mnasali pamoja. Tafuta aliyezoea kesi za watoto. Aje aone mtoto analala wapi, aongee na majirani, amjue mtoto kwa jina. Akikwepa hayo, mwache mapema, utafute mwingine. Siahidi kwamba utashinda. Nimeona mengi, siwezi kukudanganya.

Mungu akuachie watoto wako wakulie mikononi mwako, na njia ya tribinali usiijue kamwe.