Nilimwita Jasusi Rafiki wa Kaka Yangu

Kosa ni langu, wala sitamsingizia shetani. Mimi ndiye niliyemtia mtu asiye na hatia mikononi mwa askari. Leo nina wajukuu, na sijawahi kulisema hili kwa kinywa changu.

Ilikuwa wakati wa vita vya Uganda. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, tunakaa huku chini Same, karibu na shamba la mkonge. Rwegasira, kijana wa Kihaya aliyefanya kazi ya kuanika mkonge, alipanga chumba kwetu. Alikuwa rafiki wa kaka yangu, Mbonea.

Mbonea akachukuliwa kwenda vitani. Rwegasira mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, wakamwacha. Basi roho yangu ikaanza kuchafuka. Mbona yeye yupo hapa anakunywa uji wetu?

Siku zile kila mtu alimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Ukiongea kilugha kisichojulikana, watu wananyamaza. Rwegasira naye, redio ikitaja mto Kagera, anainuka na kutoka nje. Nikawa namhesabia kila hatua.

Siku moja nafua shati lake, nikakuta karatasi mfukoni. Mto, daraja, barabara, na msalaba umechorwa kando. Ramani! Sikumuuliza. Nikatoka mbio nayo hadi kwa balozi wa nyumba kumi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema hivyo?"

"Mpangaji wetu ni jasusi."

Askari walimchukua mchana ule ule. Mama akalia, "Mtoto huyu kala kwangu miaka miwili! Si mngeniuliza?"

Wiki mbili baadaye ikaja barua ya Mbonea: "Mwambieni Rwegasira ramani aliyonichorea, ile aliyobaki na nakala yake, imenifikisha kwao. Nyumba imechomwa. Mama yake nimemkuta kanisani, pale alipoweka msalaba. Ni mgonjwa sana, aje upesi."

Jamani! Nilikimbia na barua hadi kituoni. Askari akaisoma, akainua macho taratibu. "Na huyo kaka yako, tutajuaje yuko upande gani?"

Moto niliouwasha ulikuwa unaingia nyumbani kwetu.

Rwegasira aliachiwa baada ya mwezi, amekonda, sikio moja halisikii. Nilipiga magoti, nikampa barua. Akaisoma mara mbili.

"Ungeniuliza tu, dada," akasema. "Ningekuambia hata jina la mbwa wetu."

Akafunga mzigo wake, akaondoka. Alifika, mama yake ameshazikwa.

Kaka yangu alirudi salama, Mungu ashukuriwe. Lakini aliposikia, hakula tena chakula nilichopika mimi, mpaka naye akafa.

Ninyi vijana, hofu ikitanda, mtaona maadui hata mezani. Muulizeni mtu kwanza, uso kwa uso! Kutoka nilipokuwa nafua hadi mlangoni kwa Rwegasira zilikuwa hatua kumi. Nilipita mlango ule nikikimbilia kwa balozi, naye alikuwa ndani.