Mistari ya Genge la Kilema

Sisi tuliosoma shule ya msingi Kilema miaka ile mitumba ilipoanza kujaa sokoni, mlima ndio ulikuwa uwanja wetu. Jumamosi, tukishakata majani ya ng'ombe na kunywa mtori wa moto, supu nzito ya ndizi, tulishuka korongoni miguu peku. Huko kulikuwa na genge refu kuliko kanisa, lenye mistari: mweusi, mwekundu, mweusi tena. Mama alikuwa na neno moja tu: "Ukichana hilo gauni, utalivaa hivyo hivyo kanisani."

Siku moja Mwalimu Mrisho, aliyetufundisha jiografia, alipeleka darasa zima pale. Alikuwa mtu wa Moshi mjini, akiogopa hata kuvuka mfereji kwa gogo. Alituambia mstari mweusi ni mawe yaliyotoka mlimani yakitiririka kama uji unaochemka, yakapoa na kuwa magumu. Mwekundu ni majivu yaliyoshindiliana. Tukaukwangua kwa kucha, ukamomonyoka kama mkate mkavu.

Wakati tunakwangua, Ndeshi, binti wa baba mdogo, aliona juu jiwe lenye chembe zinazong'aa. Akapanda. Alipofika katikati, akakanyaga mstari mwekundu, ukabomoka. Vumbi lilipotulia tulimwona amening'inia kwa mikono, miguu ikitafuta pa kukanyaga.

"Dada, siwezi kushuka," aliniambia kwa sauti ndogo.

Nilitaka kumfuata. Mwalimu akanishika bega, akavua viatu, akapanda yeye.

"Ndeshi, usiangalie chini," alisema. "Teremsha mguu wa kushoto. Hapo pana jiwe jeusi. Umelipata?"

"Nimelipata."

"Likanyage. Nyekundu usiiguse."

Akamwelekeza hivyo, jiwe hadi jiwe, mpaka mguu wa Ndeshi ukatua begani kwake. Walipofika chini Mwalimu alikaa kwenye majani, akaomba maji. Ndeshi akajifuta machozi, akauliza, "Mwalimu, na lile jiwe?"

"Lipo huko tangu mlima ulipowaka," akajibu. "Liache likae." Tulicheka mpaka mbavu zikauma, naye akacheka.

Krismasi iliyopita, wote tuliporudi nyumbani kutoka Dar, mimi na Ndeshi tuliwapeleka watoto wetu pale. Walivaa raba nene kama matairi, wakalalamika njia ina utelezi. Mwanangu alilipiga genge picha, akauliza kama huku mtandao unashika. Tukawaeleza habari za uji uliochemka na majivu. Walisikiliza kwa heshima, kisha wakaomba turudi kwenye gari.

Ndeshi alibaki ameegemeza kiganja kwenye mwamba.

"Tulikuwa tunashinda hapa kutwa," alisema, "na hakuna aliyetuuliza tunafanya nini."

Nikakaa naye kidogo, honi ya gari ikituita kule juu.